Moyo wa Askari Mstaafu: Maswali Tunayoulizwa Kila Tunapobisha Hodi

Maswali haya yametoka kwa askari wastaafu, wake zao na watoto wao katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe. Tunafika majumbani kwa ajili ya utafiti, kupima presha na kuzungumza nao kuhusu matibabu ya moyo, na karibu kila nyumba inauliza yale yale. Mengine huulizwa sebuleni chai ikiwa mezani. Mengine hutujia tukiwa tumeshaaga, tumesimama mlangoni, na hayo ya mlangoni ndiyo huwa mazito. Nimeyaweka yote.

## Kuhusu utafiti wenyewe

Mnatafuta nini hasa?

Mambo mawili. La kwanza, ni nani kati ya askari wastaafu ana presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, na kama anajua kuwa anao. La pili ndilo linalonikosesha usingizi: watu wawili waliolala handaki moja, wenye ugonjwa uleule, kwa nini mmoja anapata dawa kila mwezi na mwingine hapati. Hilo la pili limejibiwa kwa urefu kwenye sehemu ya pengo la huduma.

Ni nani mnayemhesabu kuwa askari mstaafu?

Aliyestaafu JWTZ, aliyelitumikia JKT, na mgambo aliyekwenda Vita vya Kagera. Hao wa mwisho tunawatafuta kwa makusudi. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 1978, maelfu ya mgambo waliitwa kuungana na jeshi, na wengi walirudi mashambani vita vilipokwisha mwaka 1979 bila kuwa na ajira ya jeshi. Kijana aliyepanda lori akiwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1958. Leo ni babu, na umri huo peke yake unatosha kumweka kwenye hatari ya ugonjwa wa moyo hata kama hajawahi kuvuta sigara.

Wanawake waliotumikia jeshi wamo pia. Wajane tunawahoji kuhusu matibabu yao na ya marehemu waume zao.

Kwa nini wewe umeichagua kazi hii?

Baba yangu mkubwa alipigana Kagera. Aliporudi alilima viazi, na hatukumsikia akilalamika hata siku moja. Alipofika miaka ya sitini akaanza kushika kifua cha chini, pale chembe ya moyo, kila akipanda mlima kutoka shambani. Kituo kimoja kilimpa dawa za vidonda vya tumbo, akazitumia miezi minne. Siku alipopimwa umeme wa moyo kwa mara ya kwanza, sehemu ya moyo ilikuwa imekwisha kufa. Mhudumu aliyempa dawa za tumbo hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na kipimo, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuliza swali moja tu: maumivu yanakuja ukila, au ukipanda mlima?

Mnalipa? Na majina yetu yanakwenda wapi?

Hatununui majibu. Tukikuita mjini tunakurudishia nauli. Kabla ya lolote unasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na ukihitaji tunaifafanua kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kikinga. Unaweza kukataa, na unaweza kukubali leo ukajitoa kesho. Mtafiti yeyote wa afya anayefika kwako anapaswa kuwa na kibali cha maadili na barua iliyopita kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Mwambie akuonyeshe, hata akiwa ni mimi.

Jina lako halikai pamoja na majibu yako. Majibu yana namba, na daftari linalounganisha namba na jina linafungiwa kando. Hatupeleki majibu ya mtu mmoja mmoja jeshini wala kwa anayelipa pensheni. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina sheria inayolinda taarifa binafsi, na inatubana sisi kama inavyobana wengine.

Mkinikuta na ugonjwa mtanitibu?

Utafiti hautibu, lakini hatukuachi. Tukikuta presha iko juu tunakuandikia barua ya kwenda kituo chenye kliniki ya presha na sukari, na baada ya siku chache tunapiga simu kuuliza kama ulipokelewa. Tukikuta imepanda kwa kiwango cha kutisha, au una dalili zilizotajwa kwenye swali la maumivu ya kifua, mahojiano yanaishia hapo na tunatafuta usafiri.

## Presha na moyo

Presha ni ugonjwa, au ni mawazo tu?

Mawazo yanaweza kuipandisha kwa muda, ila presha ya kudumu ni ugonjwa wa mishipa. Ukipimwa kituoni zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, ukakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, unahesabiwa kuwa na presha ya juu. Kwa kipimo cha nyumbani kikomo ni 135 kwa 85.

Wengi wanasubiri kichwa kiume ndipo waende kupimwa, na hapo ndipo tunapoumia. Kwa kawaida presha haina dalili yoyote. Mtu analima, anacheka, anakwenda msibani, huku mishipa ya ubongo, figo na moyo inaharibika kimyakimya kwa miaka.

Mbona kila mkinipima mnapata namba tofauti?

Presha hubadilika saa kwa saa. Ndiyo maana tunakuomba ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono umewekwa usawa wa moyo. Nusu saa kabla, usivute sigara wala usinywe kahawa, na kama una haja ndogo nenda kwanza. Tunapima mara mbili au tatu. Akikupima mtu umesimama dirishani huku unaongea, namba hiyo isikutishe wala isikutulize.

Nitajuaje kama maumivu ni ya moyo au ni vidonda vya tumbo?

Maumivu ya moyo mara nyingi hubana au hukandamiza katikati ya kifua, kama mtu amekuwekea gunia. Yanaweza kwenda kwenye mkono, bega, shingo au taya, na yanaweza kushukia chembe ya moyo yakafanana kabisa na tumbo. Alama kubwa ni hii: yanakuja ukitumia nguvu, na yanapungua ukipumzika. Maumivu ya tumbo mara nyingi hufuata chakula au njaa, na hayajali kama unapanda mlima wa Uporoto au umekaa kibarazani.

Tahadhari iko kwa wanawake, wazee sana na wenye kisukari. Hao wanaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali: jasho jembamba la ghafla, kichefuchefu, pumzi kukata, uchovu usioelezeka. Kwa mzee mwenye presha, “tumbo” jipya lisilo na historia lipimwe umeme wa moyo kwanza. Kipimo hiki hakiumi, kinachukua dakika chache, na ukimwomba daktari hujamkosea heshima.

Yakianza usiku na sisi tuko kijijini, tufanye nini?

Mkalishe mgonjwa nusu wima, asitembee, asibebwe kwenye pikipiki akiwa peke yake na dereva. Tafuteni gari mara moja, msisubiri kupambazuke. Kama aspirini ipo, na hana mzio nayo wala hatapiki damu, atafune miligramu 300. Zile ndogo za 75 ni vidonge vinne. Lakini kama mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea au maneno yamekuwa mazito, hiyo inaweza kuwa kiharusi, na kiharusi kingine ni cha kuvuja damu. Hapo asipewe aspirini.

Maumivu yakizidi dakika kumi na tano huku amepumzika, msihesabu tena. Nendeni.

Miguu inavimba na usiku nalalia mito mitatu. Ni uzee?

Hapana. Hizo ni dalili za moyo kushindwa kusukuma damu, hali ambayo wengi wanaiita moyo mkubwa au moyo umetanuka. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si ugali. Kinachohitajika ni kipimo cha eko, ambacho hutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, na dawa ambazo kwa wengi zinarudisha uhai wa kawaida kwa kiasi kikubwa.

Ila kama umeanza amlodipini, dawa ya presha, karibuni na kinachovimba ni vifundo tu, huenda ni dawa yenyewe. Mwambie daktari abadilishe. Usiiache kimya kimya.

Baridi ya huku na urefu wa milima vinaumiza moyo?

Urefu si wa kuogopwa na aliyekulia hapa. Mji wa Mbeya uko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwili wako umeshauzoea. Baridi ndiyo yenye neno. Mishipa hujikunja, presha hupanda, na Juni na Julai namba tunazopata Makete na Njombe huwa za juu kwa watu walewale. Vaa vizuri, na usikose dawa miezi hiyo.

Jambo moja nalisema kila nyumba: jiko la mkaa lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Inaua hata mwenye moyo mzima.

Niache chumvi? Na ulanzi?

Chumvi ipunguzwe, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula. Ya kuongeza mezani iondoke kabisa. Wengi wanasahau magadi ya kulainishia maharage na kande. Nayo yana sodiamu ileile. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Parachichi, ndizi na mboga za majani kuleni, isipokuwa daktari amekwambia figo zina shida.

Ulanzi, komoni na bia vyote vinapandisha presha vikinywewa kwa wingi, na msimu wa ulanzi ndipo watu wanaporuka dawa “kwa sababu nimekunywa”. Ukinywa, kunywa kidogo, na dawa umeze.

## Dawa

Presha imeshuka. Niache vidonge?

Imeshuka kwa sababu unavimeza. Ukiacha itarudi, na safari hii hutaisikia ikirudi.

Nina mgongo na magoti tangu jeshini. Dawa zangu za maumivu zina shida?

Swali hili ningependa kila mstaafu aliulize. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinapandisha presha, zinazuia maji kutoka mwilini na zinaumiza figo, hasa zikichanganywa na dawa za presha na za kupunguza maji. Tumekutana na wazee wanaomeza diklofenaki kila siku kwa miaka, zinazouzwa dukani bila kuulizwa lolote, huku wanashangaa kwa nini dawa tatu za presha hazifanyi kazi. Wengine tuliwaomba waende kwa daktari wazibadilishe. Parasetamoli kwa kipimo sahihi, dawa za kuchua na mazoezi ya viungo ni njia salama zaidi kwa moyo. Ukienda kliniki, beba kila unachomeza, hata kilichotoka kwa jirani.

Afande, na nguvu za kiume?

Hili huulizwa mlangoni, kwa sauti ya chini, mama akiwa jikoni. Ni kweli baadhi ya dawa za presha zinaweza kuzipunguza, na zipo nyingine za kubadilishia. Lakini mara nyingi chanzo ni presha yenyewe, kisukari au sigara, kwa kuwa mishipa ya huko ni myembamba na huziba mapema. Kwa hiyo tatizo hilo likianza, linaweza kuwa onyo la moyo miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Mwambie daktari bila haya.

Usinunue sildenafili, dawa ya kuongeza nguvu za kiume, kwa kificho kama unatumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi au nyingine za jamii ya naitreti. Zikikutana, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa.

Na mitishamba?

Sitamtukana bibi wa mtu. Kitunguu saumu kwenye mboga hakina ubaya. Dawa ya chupa isiyojulikana kilichomo, hasa ile muuzaji anayokwambia uache vidonge kwanza, ndiyo inayotuletea wagonjwa waliokwisha pata kiharusi.

## Pengo la huduma

Mwenzangu tuliyestaafu naye anatibiwa vizuri. Mimi kwa nini sipati?

Majibu tunayokusanya yanarudi kwenye mambo manne, na mara nyingi yanamkuta mtu mmoja yote kwa pamoja.

Kuna makaratasi. Mwenye kadi ya bima na vyeti vya utumishi anapokelewa. Aliyekuwa mgambo ana kumbukumbu na kovu, hana karatasi. Kuna njia. Anayeishi Mwanjelwa anafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwa daladala. Aliye ndani ya Makete au Busokelo anaondoka alfajiri, na mvua zikiharibu barabara haondoki kabisa. Nauli ya kwenda kliniki inaweza kuzidi bei ya dawa yenyewe.

Kuna ngazi ya kituo. Dawa na vipimo hupangwa kwa ngazi, kuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hadi rufaa. Mzee anayehitaji dawa mbili, moja ipo zahanati na nyingine ipo wilayani, anaishia kutumia moja. Hapa hospitali za mashirika ya dini, kama Ikonda kule Makete, Ilembula na Tosamaganga, zimebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi, na wagonjwa wanalala njiani kuzifikia.

Na kuna la nne ambalo haliandikwi popote: askari alifundishwa kuvumilia. Nimemhoji mtu mwenye maji mapafuni akaniambia yuko salama, mkewe akatikisa kichwa nyuma yake. Anayelalamika anasikika. Asiyelalamika anarudi nyumbani na parasetamoli.

Nimepita miaka 60. Si matibabu ni bure?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Kiutendaji unahitaji kitambulisho cha matibabu kupitia halmashauri yako. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au ustawi wa jamii. Lakini bure inahusu kilichopo. Dawa ikiwa imekwisha, kitambulisho hakiileti, na mzee anatumwa duka la dawa. Mkitutajia dawa iliyokosekana na tarehe, tunaandika. Hiyo ni sehemu ya utafiti.

Ni lini mtu anapelekwa Dar es Salaam?

Anapohitaji kuzibuliwa mishipa ya moyo, upasuaji wa milango ya moyo, au kipimo kisichopatikana kanda. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyo Muhimbili, ndiyo hospitali maalumu ya moyo ya taifa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo inatoa huduma za moyo, na kwa mtu wa Iringa huenda ikawa karibu zaidi. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kabla ya kuuza ng'ombe kwa safari hiyo, hakikisha una barua ya rufaa, majibu ya eko na ya damu, na tarehe ya miadi mkononi.

## Vita na moyo

Kwa nini mnauliza kuhusu usingizi na ndoto? Mmekuja kwa ajili ya moyo.

Kwa sababu mwili unaoshtuka kila usiku kwa miaka arobaini haupumziki. Homoni za hofu hupandisha presha na mapigo ya moyo, mtu hulala vibaya, huvuta zaidi, hunywa zaidi. Kiwewe cha vita ni jeraha, kama risasi ni jeraha. Huhitaji kutusimulia uliyoyaona Kyaka au njiani kuelekea Kampala. Tunauliza unalala vipi tu, na swali lolote unaweza kuliruka.

Tunasikia Marekani wana tafiti kubwa za maveterani. Zinasema nini?

Wana mfumo mmoja wa serikali unaowatibu maveterani, wenye kumbukumbu za mgonjwa kwa miongo. Mpango wao wa kukusanya damu na taarifa za maveterani ulianza mwaka 2011 na kuvuka watu milioni 1 mwaka 2023. Utafiti wa mapacha wa enzi za Vita vya Vietnam, uliotoka mwaka 2013, uliona ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa karibu asilimia 23 ya wenye kiwewe cha vita, na karibu asilimia 9 ya wasio nacho. Mwaka 2022 sheria yao iliiongeza presha ya juu kwenye orodha ya magonjwa yanayofidiwa kwa waliokutana na sumu ya kuua majani kule Vietnam.

Unaonigusa zaidi ni ule wa mwaka 2015, wa maveterani zaidi ya milioni 3. Kwa Wamarekani kwa jumla, Weusi hufa mapema kwa moyo kuliko Weupe. Ndani ya mfumo ule wa maveterani, ambako wote wana mlango mmoja wa matibabu, Weusi hawakufa zaidi. Walikufa kwa kiwango cha chini. Takwimu zao siwezi kuzivisha Tukuyu. Swali lao naweza kulibeba: mlango ukiwa mmoja, pengo hubaki kiasi gani?

## Maswali ya mlangoni

Baba hataki kwenda hospitali. Tumlazimishe?

Mara nyingi kulazimisha kumeshindikana kabla hatujafika. Kinachosaidia ni mwenzake wa kikosi. Tumeona mzee aliyewakatalia watoto wote akaenda kliniki kwa sababu rafiki yake wa jeshi alimpitia asubuhi akamwambia, “Twende, afande.”

Nafunga. Dawa nimeze saa ngapi?

Iwe Ramadhani au Kwaresima, dawa nyingi za presha za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa futari au daku. Za kupunguza maji, na za kisukari, zinahitaji mpango wa daktari kabla mfungo haujaanza.

Nina kipande cha chuma mwilini tangu vitani. Naweza kupimwa moyo?

Umeme wa moyo, eko na eksirei havina shida yoyote. Kipimo cha sumaku, kile cha kuingizwa kwenye mashine kama handaki, ndicho cha kuuliza kwanza, kwa kuwa sumaku inaweza kukisogeza au kukipasha moto chuma. Mwambie mhudumu kabla hujavua shati.

Mkirudi mwakani mkakuta nimekufa, itakuwaje?

Aliyeniuliza hivi alikuwa mzee wa Mafinga, na hakuwa anatania. Nilimjibu kwamba tutawapa pole wafiwa, na siku za msiba zikipita tutaomba kukaa na aliyemuuguza. Tutauliza: kifua kiliuma, miguu ilivimba, pumzi ilikata, ilichukua saa ngapi au siku ngapi, gari lilipatikana wapi. Wazee wengi hufia nyumbani na kinachoandikwa ni “ghafla”. Majibu ya aliyekuwepo ndiyo yanatuambia kama ilikuwa moyo, na alikwamia hatua gani. Familia inaweza kukataa.

Akaniuliza familia yake itunze nini. Nikamwambia daftari la kliniki. Lisichomwe na nguo, lisizikwe naye. Likae pamoja na vyeti vyake vya jeshi.